Somo la Ukoloni kwa Vitendo

Mambo haya hayakutokea kwetu. Yalitokea Jamhuri ya Tulipo, nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani huioni, lakini ukitoka nje ya mlango wako ukatembea kidogo unaweza kujikwaa nayo. Wakubwa wa nchi hiyo ni watu wazuri, na nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani nawasengenya. Wanavaa nguo zilizopigwa pasi, wanahudhuria mikutano yote, wanauliza hali za wagonjwa. Sijapata kusikia hata mmoja wao amefanya jambo baya kwa makusudi. Mabaya yote ya Tulipo hufanywa kwa nia njema na kwa kufuata utaratibu.

Siku moja Waziri wa Elimu wa nchi hiyo alitembelea shule akamwuliza mtoto faida za ng'ombe. Mtoto akazitaja zote, moja baada ya nyingine, kama maji yanayotoka bombani. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amesimama dirishani akitafuna karatasi, na mtoto yule alipogeuka akamwona, alipiga kelele akajificha chini ya dawati. Waziri aliumia sana moyoni. Kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mwalimu, tena mwalimu wa sayansi, na jambo la mtoto kujua asichokijua lilimnyima usingizi. Kesho yake ukatoka waraka: kuanzia sasa, kila mada katika kila somo ifundishwe kwa vitendo, na mtoto yeyote asifundishwe kitu asichokigusa.

Waraka ulipokelewa kwa nderemo. Somo la ufugaji wa nyuki lilifundishwa kwa vitendo nchi nzima, na mpaka leo wanafunzi wa mwaka ule hawali asali. Somo la kipindupindu lilizuiwa dakika za mwisho na Wizara ya Afya, ambayo haikupinga wazo lenyewe, ila ilinung'unika kwamba haikushirikishwa tangu mwanzo. Somo la volkano linasubiri zabuni.

Ndipo zamu ya somo la historia ikafika, na mada ikawa: Jinsi Ukoloni Ulivyoleta Umaskini na Kuzuia Maendeleo.

Shule ya Msingi Kitopeni ilikuwa na mwalimu wa historia aitwaye Sikitu, binti mwembamba, mpole, anayeandika ubaoni kwa herufi kubwa ili walioko nyuma wasikaze macho. Alikuwa ameshajiandaa kufundisha mada hiyo kwa namna yake. Alichora ramani ya Tulipo kwenye karatasi ya manila, akaonyesha reli iliyojengwa na wakoloni ilivyotoka mashambani ikanyooka hadi bandarini, bila kuunganisha mji na mji jirani yake. Alitaka kuwauliza watoto kwa nini mtu anayetaka kumwona shangazi yake wa ng'ambo ya bonde ashuke kwanza mpaka bandarini, kisha apande tena. Lilikuwa somo zuri, na lingemalizika ndani ya kipindi kimoja. Lakini karatasi ya manila si vitendo.

Wizara ikatafuta shule ya mfano. Shule nyingi ziliomba, zikakataliwa kwa sababu hazikuwa na kitu. Maofisa walieleza kwa upole kwamba ukoloni hauwezi kufundishwa mahali pasipo na cha kuchukuliwa. Kitopeni, kwa bahati, ilikuwa na shamba.

Hilo shamba lilikuwa la maharage, kando ya kijito, udongo mweusi. Wazazi walililima wenyewe ili watoto wapate chakula cha mchana, na kila siku saa saba Bi Mwanahawa, mpishi wa shule, aliwapakulia makande. Bi Mwanahawa alikuwa na tabia moja ambayo watu wengi hawakuigundua: mtoto aliyetoka mbali alimpakulia kwa upawa uliozama kidogo zaidi, huku akitazama pembeni, ili mtoto asijione anahurumiwa.

Mmoja wa hao waliotoka mbali ni Zamoyoni wa darasa la saba. Kwao ni ng'ambo ya mto, na nyumbani kwao chungu kilipanda jikoni mara moja tu, jioni. Mama yake alishamwambia Mwalimu Sikitu bila kuficha kwamba anapenda binti asome, lakini mtoto hawezi kutembea mwendo ule na kurudi akiwa na njaa. Chakula kikiwepo shuleni, atakuja. Kisipokuwepo, itabidi abaki nyumbani amsaidie kuchoma mkaa. Mwalimu Sikitu hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba chakula kitakuwepo.

Zamoyoni alikuwa na rafiki, Mwajabu, mtoto wa hapohapo kijijini. Walikaa dawati moja, walitumia rula moja, na makande yao walikula sahani moja. Bi Mwanahawa alikuwa akisema sahani hiyo huosheka yenyewe, maana walikuwa hawabakishi kitu.

Aliyetumwa kuja kuongoza somo ni Bwana Kasiani Mtondoo, Afisa wa Vitendo Daraja la Kwanza. Nasikia watu wanamsema vibaya, lakini mimi namwonea huruma. Alifika jioni, akamwamkia Bi Mwanahawa shikamoo kabla hata ya kumsalimia Mwalimu Mkuu, Mzee Pazi. Akakaribishwa makande. Akala, akaomba tena, akasema tangu azaliwe hajala maharage matamu kama yale. Asubuhi yake akaamuru yang'olewe.

Alikuja na vifaa vyote. Alikuwa na hema, kofia ngumu ya kikoloni iliyoshonwa na fundi wa wizara, sanduku la filimbi, na bendera. Bendera iliwasumbua sana wakubwa, kwa sababu hawakutaka kulikosea taifa lolote rafiki linaloleta misaada. Mwishowe walikubaliana ichorwe birika. Ubalozi wa wale waliotawala Tulipo zamani uliarifiwa kwa heshima tu. Ukajibu kwamba hauna kumbukumbu ya jambo hilo, lakini utafurahi kuchangia penseli.

Jumatatu, baada ya wimbo wa shule, bendera ya birika ilipandishwa, na Bwana Kasiani, sasa Gavana, akafungua karatasi yake akasoma.

"Watoto wangu wapenzi, kuanzia sasa hivi hadi hapo mtakapotangaziwa vinginevyo, ninyi ni watawaliwa. Naomba ushirikiano wenu. Mtanyonywa kwa mujibu wa mtaala, na hakuna atakayeonewa kuliko mwenzake."

Watoto wakapiga makofi, kwa sababu Mzee Pazi alikuwa amewaambia wapige. Kisha wakaenda kung'oa maharage. Yaliyokuwa yamekomaa yalipelekwa hemani yakawe malighafi, na kila ujumbe kutoka wizarani uliokuja kutazama koloni ulikuwa ukipikiwa hiyo malighafi. Mahali pake ikapandwa pamba.

Kiranja mmoja akauliza kama pamba inaliwa. Gavana alifurahi mno. Akamwambia hilo ni swali zuri kuliko yote aliyopata kuulizwa, na kwamba hailiwi, na ndiyo maana ikachaguliwa. Ikivunwa itapelekwa wizarani, wizara itaipeleka mbali, na kutoka huko zitarudi fulana zenye maandishi ya kuhimiza elimu kwa vitendo. Fulana hizo wataletewa wanafunzi, wazinunue.

Kisha ikajengwa barabara. Watoto walibeba mawe kutoka kijitoni, wakayapanga, wakashindilia udongo hadi ukawa mgumu kama sakafu. Barabara ilitoka shambani ikanyooka moja kwa moja mpaka kwenye hema la Gavana, na hapo ikaishia. Haikupita jikoni, wala kisimani, wala chooni. Mzee Pazi alikwenda kuomba, kwa unyenyekevu, ipindishwe kidogo tu ipite chooni, kwa sababu mvua zikinyesha watoto wadogo huteleza. Gavana alimsikiliza vizuri, akasikitika kwa dhati, akamweleza kwamba barabara ikianza kupita wanakokwenda wenyeji haitakuwa ya kikoloni tena, na shule itapoteza alama.

Mtaala ulitaka pia viboko. Hapo Gavana alishindwa. Alikuwa akimwita mtoto nyuma ya hema, anamwambia alie, na yeye mwenyewe analichapa turubai. Watoto walilia vizuri sana, tena wengine walifanya mazoezi wakiwa njiani kuja shule. Siku moja mzazi aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni aliutupa chini akaja mbio kuokoa. Alimkuta Gavana wa watu ameshika fimbo, amelowa jasho, na mtoto amekaa pembeni anakula biskuti za Gavana huku akipiga yowe.

Kwa hiyo hakuwa mtu mkatili. Wakati hakuna mkaguzi, alibeba mawe pamoja nao. Lakini maharage yalikuwa yameshang'olewa, na pakiti ya biskuti ina mwisho.

Jambo lililonisikitisha mimi kuliko mawe na pamba ni lile la filimbi.

Mtaala ulisema watawaliwa wagawanywe. Gavana hakujua awagawanye vipi, maana wote walikuwa watoto wa Kitopeni, wenye vumbi la aina moja miguuni. Akaamua kwamba wanaokaa upande wa dirishani wana akili nyingi kwa asili, na wanaokaa upande wa ukutani wana nguvu kwa asili. Wa dirishani akawapa filimbi wasimamie. Wa ukutani wakabeba.

Zamoyoni na Mwajabu walikuwa dawati moja. Mwajabu alikaa upande wa dirisha.

Siku ya kwanza walicheka mpaka wakashika matumbo. Mwajabu alipuliza filimbi taratibu, na Zamoyoni akajifanya anaogopa. Siku zilizofuata ikatangazwa kwamba wenye filimbi watapakuliwa chakula kwanza, na chakula kilikuwa kinapungua, hivyo aliyepakuliwa kwanza ndiye aliyepakuliwa. Mwajabu akaanza kupuliza kwa nguvu, kwa sababu aliyepuliza kwa uvivu alinyang'anywa filimbi. Sahani moja ikawa sahani mbili. Halafu asubuhi moja, Zamoyoni ameweka jiwe chini apumzike, Mwajabu akamwambia, "Inua miguu wewe. Ninyi wa ukutani ndivyo mlivyo." Na haikuwa sauti ya mchezo.

Zamoyoni aliinua jiwe lake. Tangu siku hiyo hakumwazima rula wala hakuomba.

Jikoni, Bi Mwanahawa alipika mahindi matupu, kisha uji, kisha uji ambao ukiutazama unaona uso wako. Upawa wake uliendelea kuzama kwa wale wa mbali, lakini upawa hauzami kwenye kitu ambacho hakipo. Mwalimu Sikitu alianza kuja na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye mkoba. Alimwambia Zamoyoni kwamba kapewa vingi mno na jirani, vitaoza, na kwamba atamshukuru sana akimsaidia kuvipunguza. Zamoyoni alikuwa mtoto mwerevu. Alivipunguza bila kuuliza jirani ni nani.

Hata hivyo alianza kusinzia darasani. Akaanza kukosa siku za Ijumaa, kisha na Alhamisi. Mama yake akaja, akaketi na mwalimu kwenye ngazi ya darasa, akasema mawingu yameanza kujikusanya upande wa milimani. Mvua zikinyesha na maharage hayajaingia ardhini, basi hakuna chakula mpaka mwakani, na Zamoyoni itabidi apumzike shule.

"Sikulaumu wewe, mwalimu," akasema. "Viazi navijua. Mungu akulipe."

Mwalimu Sikitu akaenda hemani. Muhula ulikuwa ukingoni, mada ilikuwa imekwisha, akaomba ukoloni ufungwe na shamba lirudishwe.

Gavana hakuwa na kinyongo. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka, na kofia ilimtoa vipele. Akafungua mtaala kutafuta Uhuru. Akatafuta mwanzo, akatafuta mwisho. Ndipo wote wawili wakagundua kwamba mada ya Ukoloni imo katika mtaala wa shule ya msingi, lakini mada ya Uhuru imo katika mtaala wa sekondari. Mwanafunzi wa darasa la saba anaruhusiwa kutawaliwa tu. Ili apewe uhuru ni lazima kwanza afaulu kuingia sekondari.

Mwalimu Sikitu akamkumbusha kwamba hawawezi kufaulu, kwa sababu badala ya kusoma wanabeba mawe, na wakikaa darasani wanasinzia kwa njaa. Gavana akajikuna chini ya kofia. Akasema jambo hilo linasikitisha, na papo hapo hana budi kukiri kwamba limepangwa vizuri sana, kama la kweli.

Basi Sikitu akaomba ruhusa akaenda makao makuu ya wizara. Huko alipokelewa vizuri. Aliwekewa kiti, akaletewa chai, na Katibu mwenyewe akamsikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu. Sikitu akamweleza kwamba Kitopeni ilikuwa inaongoza katika tarafa na sasa inashika mkia, watoto wamekonda, na marafiki hawasalimiani. Kila aliposema jambo, uso wa Katibu ulizidi kung'aa.

"Mwalimu," akasema, "hayo ndiyo mafanikio yenyewe. Umeithibitisha mada yote. Tunataka kukupa cheti."

Sikitu akashukuru, akaomba badala ya cheti mradi ufungwe. Katibu akamfafanulia, kama mzazi na mwanawe, kwamba mradi uliofaulu haufungwi. Unaongezwa muda kwa kuwa umefaulu. Sikitu akauliza, je, ungeshindwa? Katibu akasema ulioshindwa huongezwa muda ili ufaulu. Sikitu akauliza ni mradi wa namna gani unaofungwa. Katibu akaweka kikombe chini akafikiri kwa uaminifu kabisa. Hakumdanganya. Alisema katika miaka yake yote ya utumishi hakumbuki kuuona.

Lakini alipoona mwalimu ameinamisha kichwa, roho ilimuuma, akamnong'oneza kwamba Waziri mwenyewe angefika Kitopeni Jumatano ijayo kuzindua upanuzi wa ukoloni katika shule zote za mkoa. Labda azungumze naye. Akamfungia na maandazi ya njiani.

Jumatano ilipambazuka na wingu zito. Mashamba ya majirani yalikuwa yameshatifuliwa, mengine yameshapandwa, watu wakingoja tone la kwanza. Waziri alifika na msafara, akatembezwa kwenye pamba, akatembezwa kwenye barabara mpaka hemani, akasimama mbele ya watoto waliopangwa mistari miwili, wa filimbi na wa mawe. Akavua miwani.

"Nimetembea nchi nyingi," akasema, "lakini umaskini uliopangwa kitaalamu namna hii sijauona. Hongereni sana. Sasa nataka kujua jambo moja tu. Mmeelewa?"

Macho yake yakamwangukia Zamoyoni. Mama yake alimruhusu aje siku hiyo kwa sababu ya ugeni tu, na kati ya wote yeye ndiye aliyekonda zaidi, hivyo Waziri akaona ni kielelezo kizuri. Akamwita mbele. Akamwuliza ukoloni unaletaje umaskini.

Kulikuwa na majibu yaliyoandaliwa na wizara, marefu, yenye maneno kama miundombinu na mgawanyo wa rasilimali, na watoto walikuwa wameyakariri wiki nzima. Zamoyoni aliyajua yote. Akasimama na miguu yake miembamba, akatazama shamba.

"Mheshimiwa," akasema, "tulikuwa na maharage."

Waziri akangoja. Akamwomba aendelee.

"Tuliyang'oa wenyewe. Barabara tumeijenga wenyewe. Na rafiki yangu akawa ananipigia filimbi."

Gavana alivua kofia yake akaishika mkononi. Kwenye mstari wa filimbi Mwajabu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Waziri akafuta miwani, akaifuta tena, na kila aliyekuwepo aliona kwamba jibu limemgusa. Alisema mtoto ameelewa kuliko maprofesa. Akasema somo lenye matokeo makubwa kiasi hicho haliwezi kuachwa, na palepale akatangaza kwamba litaongezwa muda Kitopeni kwa miaka mitatu.

Mzee Pazi akaanza kupiga makofi kwa mazoea, kisha akasita mikono ikiwa hewani.

Ndipo Mwalimu Sikitu akasogea mbele. Hakuwa na hotuba. Alisema kwa sauti ileile anayoitumia darasani kipindi kinapokaribia kwisha, "Mheshimiwa, tunaomba ruhusa ya kurudisha vifaa."

Lazima nieleze hapa kwamba Tulipo, pamoja na mambo yake yote, ina desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuivunja. Somo la vitendo likiisha, vifaa hurudishwa mahali vilipotolewa. Chupa huoshwa, majembe hurudi stoo, chura akiwa mzima hurudi bwawani. Hata yule mwalimu wa nyuki, akiwa amevimba macho, alijaribu. Mtoto hatoki maabara na meza ikiwa chafu, hata kama nje kuna moto. Na Waziri, kama nilivyosema, alikuwa mwalimu wa sayansi. Uwaziri ulikuwa umemkaa mwilini kama koti, lakini hili lilikuwa mifupani.

Akageuka akalitazama shamba. Akatazama mawe, hema, filimbi shingoni mwa watoto. Uso ukabadilika.

"Kwani bado hamjarudisha vifaa?" akauliza, na sasa ilikuwa sauti ya mwalimu. "Muhula mzima? Na mnataka kuongezewa muda darasa likiwa hivi?"

Akaamuru kila kitu kirudi kilipokuwa, kila kitu, hata kijiti. Habari ya kuongeza muda itazungumzwa pakishakuwa safi. Kisha akaingia garini, kwa sababu alikuwa na uzinduzi mwingine, na msafara ukaondoka kwa haraka kiasi kwamba walimsahau Bwana Kasiani.

Watoto hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Pamba iling'olewa. Mawe yakarudi kijitoni. Bendera ya birika ilishushwa ikakunjwa, hema likakunjwa, kofia ikaingia sandukuni. Wenye filimbi wakapita mmoja mmoja kuziweka. Mwajabu aliiweka yake bila kumtazama mtu, akaifuta kwanza kwa sketi.

Mbegu tu za maharage ndizo hazikuwepo za kurudishwa. Zilikuwa zimeliwa na wajumbe. Watoto walisimama kwenye udongo mtupu, mvua ikaanza kudondoka. Lakini habari ilikuwa imeshafika vijijini. Akina mama wakaanza kutokea, mmoja mmoja, wakipenya kwenye mvua, na kila mmoja alikuwa na fundo kwenye pindo la khanga. Wengine walileta kibaba, wengine konzi moja. Mama yake Zamoyoni alivuka mto na maharage aliyokuwa ameyaloweka kwa ajili ya chungu cha jioni, bado yana maji. Bi Mwanahawa aliyapokea kwa mikono miwili.

Bwana Kasiani alivua viatu na soksi, akapandisha suruali, akauliza maharage yalikuwa yanaanzia wapi. Wakampa jembe.

Kupanda kunataka watu wawili wawili, mmoja anachimba vishimo, mwingine anadondosha mbegu na kufukia. Mwalimu Sikitu akapita akiwapanga. Alipofika kwa Zamoyoni alimwita Mwajabu akawaweka mstari mmoja, akaendelea na kazi yake. Zamoyoni akachimba. Mwajabu akadondosha. Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, mvua ikiwapiga migongoni, na hawakuzungumza.

Walichelewa, hilo hakuna wa kulificha. Kwa majirani maharage yalitoa majani kabla ya yao. Na pale ilipopita barabara, udongo ulikuwa umeshindiliwa hata jembe likadunda, na mbegu za hapo hazikuota. Lakini akina mama walipanga zamu za kuleta chakula mpaka mavuno, nyumba kwa nyumba, na mama yake Zamoyoni akasema atamvumilia binti mpaka maharage yaive, ndipo waone. Bwana Kasiani alirudi mjini, akapewa onyo kwa kupoteza koloni la serikali.

Jumatatu iliyofuata akaja mgeni mwingine, safari hii kutoka Wizara ya Maendeleo. Alikuwa kijana nadhifu, ana tabasamu zuri, ametumwa kuchunguza kwa nini Kitopeni iko nyuma. Alipima watoto mikono. Alitazama shamba tupu, akatazama matokeo ya mtihani wa majaribio. Mwalimu Sikitu akamweleza habari yote ya ukoloni tangu mwanzo, naye akaandika kwa makini, huku akizidi kushangaa.

"Lakini mwalimu," akasema mwishowe, "kwa mujibu wa taarifa yetu, ukoloni hapa uliisha Jumatano."

Sikitu akakubali kwamba ni kweli, uliisha Jumatano.

Kijana akahesabu kwa vidole. Akaona Alhamisi nzima imepita, Ijumaa imepita, hata Jumamosi na Jumapili. Hakutaka kumkosea mtu adabu. Aliwageukia wanafunzi kwa upole, kama daktari anayetafuta mahali panapouma, akawaambia kwamba haifai kumlaumu mkoloni siku zote. Aliona tatizo lao ni mtazamo, na angependekeza semina. Kisha akawauliza, kwa kuwa kweli alitaka kujua:

"Mkoloni ameshaondoka, wanangu. Shamba mmerudishiwa. Sasa mnangoja nini?"

Kwenye dawati lao, Mwajabu alikuwa amekaa upande wa dirisha na Zamoyoni upande wa ukuta, rula katikati. Mwajabu akanyoosha mkono, akasimama kwa heshima.

"Maharage," akasema.

Mgeni akaliandika neno hilo kwenye daftari lake, akaweka alama ya kuuliza. Zamoyoni akainamisha uso kwenye dawati, mabega yakaanza kumtikisika, na Mwajabu alipomwona naye akashindwa kujizuia. Mwalimu Sikitu akageukia ubao akajifanya anafuta kitu, akawaacha wacheke.